Kasa Aliyeitwa Wangui

Endarasha, 14 Januari 2023

Kwako mwanangu Kabura,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, ila mguu unavimba jioni. Wewe je, jua la Watamu halijakumaliza? Nakuandikia kwa sababu simu hukatika kabla salamu hazijaisha, na mimi niko na maneno.

Baridi imechoma viazi nusu shamba. Hilo Mungu atajua. Langu ni hili: wewe ndiwe mtoto wangu wa pekee. Baba yako alishatangulia, na nikifa mimi jina langu la Wangui linaingia shimoni. Mama Mathenge wa kwaya ana wajukuu wawili wanaoitwa jina lake, na kila Jumapili anatembea kanisani kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Siku hizi hata bila bwana mtu huzaa, na msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya yake moja kwa moja. Sitauliza baba ni nani. Uliacha kazi ya ualimu Nyeri ukaenda kuchora samaki, kitu ambacho nyanya yako hangekubali kiingie jikoni. Sawa, chora. Lakini nipe mtu wa kuitwa Wangui.

Mama yako.


Watamu, 2 Machi 2023

Mama mpendwa,

Habari ya mguu? Jua halijanimaliza. Nilikuwa mgonjwa kidogo, sasa nimepona.

Niko na habari. Wiki jana, mimi na wenzangu ninaojitolea nao kuokoa kasa, tulimtoa kasa jike kwenye wavu. Ndiye yule kobe mkubwa wa baharini. Uzi ulikuwa umemkata shingo. Tulimuuguza, tukamtia alama kwenye pezi, tukamwachia baharini, na kwa kuwa mimi ndiye niliyezikata zile nyuzi, wenzangu waliniachia nimpe jina. Nimemwita Wangui. Akiachwa aishi, atatuzika sisi sote, na kila akitaka kutaga atarudi ufuoni alikozaliwa. Mchoro wake uko ndani ya bahasha. Tazama macho, ni yako ukikasirika.

Binti yako.


Endarasha, 20 Machi 2023

Kabura,

Salamu baadaye.

Nilifungua bahasha mbele ya Phyllis jirani, nikidhani ni picha ya mchumba. Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Ati nimepata mjukuu, tena amekuja na nyumba yake mgongoni.

Jina la mtu halipewi mnyama wa maji. Jina ni mtu kurudi. Mimi nirudi duniani nikitaga mayai mchangani? Liondoe.

Mama yako.


Watamu, 5 Desemba 2023

Mama mpendwa,

Natumaini mguu umepoa na mvua haikuharibu viazi. Umeninyamazia, na mimi nimekunyamazia. Ukaidi huu sikuuokota barabarani.

Ule ugonjwa niliosema ni kidogo haukuwa kidogo. Nilikuwa nimetokwa na damu mwaka mzima. Mwezi wa Januari nilipasuliwa, wakatoa kizazi. Sitazaa, Mama. Niliogopa kukuambia, na niliogopa zaidi kukuacha bila wa kukurudisha. Kasa ndiye niliyekuwa naye. Sikuwa nafanya mzaha.

Binti yako.


Endarasha, 18 Desemba 2023

Kabura wangu,

Anayekuandikia analia. Ulipasuliwa na hukuwa na mtu wako wa kukukorogea uji. Hilo linaniuma kuliko lile lingine, na lile lingine linaniuma sana.

Nilikuwa nimeweka debe la njahi, yale maharagwe yetu meusi, kwa siku utakapojifungua, maana mzazi asipokula njahi hapati maziwa. Kila kiangazi nilizianika zisiingie wadudu. Jana nilizipika, nikala peke yangu.

Picha nimeitundika kando ya kalenda. Phyllis akianza kucheka namwonyesha mlango. Huyo Wangui anakula nini? Huko chini anapumua namna gani? Akipatwa na neno lolote uniambie, hata kama ni baya. Akiwa hai, najua sijaisha.

Krismasi njoo. Uvimbe umefika gotini.

Mama yako.


Watamu, 27 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Pole na mguu. Pole kwa Krismasi, na kwa Pasaka pia. Picha zangu zitaonyeshwa Nairobi mwezi ujao, nachora mpaka vidole vinakufa ganzi. Maonyesho yakiisha tu, nakuja.

Wangui ni mzima. Yuko mbali, anakula majani ya baharini, na hupanda juu kuvuta hewa kama sisi. Anakusalimu.

Binti yako.


Endarasha, 9 Mei 2024

Kabura wangu,

Barua yako imeshinda dawa. Jumapili nilisimama kanisani nikatoa shukrani kwa ajili ya Wangui. Watu walicheka kidogo, kisha wakasema amina. Msalimie sana.

Mama yako.


Endarasha, 2 Juni 2024

Kabura,

Mguu usiuulize.

Phyllis ameniletea gazeti kutoka Nyeri. Umesimama kando ya mchoro mkubwa. Kasa amelala chali mchangani, tumbo limepasuliwa, mifuko ya plastiki inamtoka. Chini wameandika: Kifo cha Wangui. Umemwambia mwandishi kwamba ulimkuta ufuoni mwezi wa Januari, ukakaa naye kutwa nzima ukimchora kabla hajaoza. Ati ulitaka dunia ione.

Dunia imeona. Mimi nilikuwa kanisani nikishukuru kwa ajili ya maiti.

Phyllis hakucheka safari hii. Pamoja na gazeti alileta sukari na majani ya chai, kama tunavyowapelekea waliofiwa. Ndipo nikaelewa kwamba nami nimefiwa.

Najua bahari inauawa. Nimeitazama ile mifuko, na mingine ni kama hii yetu ya dukani. Wewe ni mchoraji hodari, na pengine picha hiyo itawaamsha watu. Hilo silikatai. Lakini nilikuomba uniambie hata kama ni baya. Ningelia, yangekwisha. Badala yake uliniletea salamu za mfu.

Jana ng'ombe amezaa ndama jike. Nimempa jina langu mwenyewe. Najua ni mnyama, na mimi pia sina mwingine. Huyu akifa, hakuna atakayemchora.

Picha yako ya kwanza, ile ya macho, nimeirudisha ndani ya bahasha hii.

Wangui.