Zamu ya Maji ya Bibi Zaina

Jumatatu, 13 Januari

Samahani, daftari. Tangu kabla ya Krismasi sijakugusa. Kila siku nilisema kesho. Neema anaota meno, nguo hazikauki kabla hajachafua nyingine, baba yake yuko mashamba ya miwa mpaka Jumapili. Leo mtoto aliposinzia nimefungua kompyuta. Kwenye Mfongo kuna marekebisho kumi na tisa yananingoja.

Niandike hili ili siku nikisema naacha, nikumbuke lilivyoanza. Mfongo ni lugha ya kompyuta. Tuliitengeneza mimi na Irene chuoni, cheti cha mwaka mmoja tu, ili asiyejua Kiingereza aandike programu kwa "kama" na "rudia" na "simama". Ni ya bure. Yeyote anaangalia ndani, yeyote anatuma rekebisho, mimi nasoma, nakubali au nakataa. Jina tulilitoa kwetu Kibosho, ule mfereji unaoshusha maji ya mlima mpaka migombani. Kule kila anayekunywa maji yake huja na jembe siku ya kusafisha. Asiyekuja anatozwa faini. Hapa wanywaji ni wengi. Mwenye jembe ni mimi. Irene alipata kazi Dar, ujumbe wangu anausoma, hajibu.

Jumanne, 14 Januari

Neema ana homa. Amenyonya asubuhi nzima, mimi nafanya kazi kwa mkono mmoja. Nimemaliza yote kumi na tisa. Moja ni la Henrik, mtu wa Ulaya, simjui, anaandika kistaarabu. Anasema saa ya Mfongo iko nyuma kwa saa sita, ameinyoosha. Nimesoma ukurasa wa kwanza tu. Majaribio yote, yale ambayo kompyuta inajikagua yenyewe, yamepita. Nimekubali. Nimetoa toleo jipya na kuwatangazia watu wote walichukue.

Nimejisikia mtu.

Ijumaa, 17 Januari

Homa imeshuka. Uji nusu kikombe. Nimelala mchana, sijafanya kitu kingine.

Jumatano, 22 Januari

Baraka amepiga simu kutoka Mabogini. Ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga. Mwaka jana aliandika kwa Mfongo programu ya zamu za maji. Inamtumia kila mtu ujumbe wa saa yake. Nilijivunia sana programu ile.

Toleo jipya alilichukua kesho yake, kwa kuwa nilimwambia. Tangu hapo ujumbe unasema saa nane badala ya saa mbili. Wengi hawakuusoma hata, zamu zao wanazijua. Bibi Zaina kakodi shamba mwaka huu, hana anachokijua ila simu. Alhamisi alifika saa nane mchana na jembe lake. Maji yalishapita. Sheria yao, usipokuwepo langoni maji yanakwenda kwa jirani. Jana tena hivyo hivyo. Kitalu chake chote kimekauka. Miche ya msimu mzima.

Tena yuko Mzee Kimaro, anayefungua lango la maji. Bibi Zaina anasema amemwuzia mtu maji yake. Kikundi kimeamini. Jumamosi kuna kikao cha kumwondoa.

Nimefungua rekebisho la Henrik, ukurasa wa pili. Sisi tulihesabu saa tangu alfajiri. Yeye amehesabu tangu usiku wa manane, kama kwao, akabadilisha na majaribio yafuate. Ndiyo maana yalipita. Hakudanganya, aliona kosa. Mimi na Irene hatukuandika popote kwamba tulifanya makusudi. Nani huku anahitaji kuelezwa saa moja asubuhi ni saa ngapi?

Nimeirudisha saa kama ilivyokuwa. Dakika kumi tu. Miche hairudi.

Alhamisi, 23 Januari

Baraka ananiambia nisiende. Anasema nikikiri, wazee wataitupa programu, na wao ndio watu pekee wanaoutumia Mfongo kwa kazi ya kweli. Waseme tu mtandao ulisumbua. Nimemwuliza, na Mzee Kimaro?

Jana nilimwandikia Henrik, leo amejibu. Ameomba radhi sana. Anasema kama nimechoka nimkabidhi funguo za kukubali na kukataa marekebisho, yeye na wenzake watautunza Mfongo. Nimesoma mara tatu. Nimechoka kiasi cha kusema ndiyo. Nimezima kompyuta, nimemchemshia Neema mtori wa ndizi.

Jumamosi, 25 Januari

Nimekwenda. Neema mgongoni.

Nimesimama mbele yao nikasema, lango halina kosa, kosa ni langu, niliruhusu kitu bila kukisoma. Mama mmoja nyuma akasema, "Kama mashine yako inafuata saa ya Ulaya, ikalime Ulaya!" Wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Kimaro hakucheka. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akasema, "Binti, nimeitwa mwizi siku tisa. Ukifuta kule kwenye mashine, na huku kunafutika?" Wamemrudishia lango. Wajukuu zake shuleni bado wanaitwa wa mwizi, kasema.

Bibi Zaina hakunitazama.

Programu wameitupa. Zamu zitaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ofisi. Mimi nimetozwa faini, siku moja ya jembe mferejini. Nimeona ni haki.

Jumatatu, 27 Januari

Nimechimba tope tangu saa moja mpaka saa saba. Neema kivulini na mke wa Baraka. Mikono imechubuka. Wanaopita hawanisalimu, isipokuwa Mzee Kimaro, aliyepunguza maji ili nisilowe.

Bibi Zaina amemwaga mbegu upya. Amechelewa, wote wanajua. Baridi itakuta mpunga wake haujakomaa.

Jumatano, 29 Januari

Mvua ndogo asubuhi. Neema katoa jino.

Nimeandika ndani ya Mfongo, juu kabisa ya saa, kwa Kiswahili na Kiingereza changu kibovu: hapa siku inaanza jua likichomoza, usiguse. Funguo sitoi. Nimemwambia Henrik. Na sitakubali tena kitu kilichosomwa na mtu mmoja.

Bado nasubiri kutumiwa:

Kutoka kwa Henrik, jibu kama atakubali kuwa msomaji wa pili.
Kutoka kwa Irene, ndiyo au hapana, kama bado yumo kwenye Mfongo. Neno moja linatosha.
Kutoka kwa Baraka, picha ya ubao wa zamu kila Jumapili, nipige hesabu pembeni nione kama Mfongo unalingana nao. Asimwambie mtu.
Kutoka kwa mama yangu kule Kibosho, ndizi za mtori, na jembe langu dogo la zamani. La kuazima lina mpini mrefu.
Kutoka kwa Bibi Zaina, siku atakayong'oa miche kitaluni. Aitume kwa Baraka kama hataki kuniambia mimi. Nitakuja kupanda.