Picha ya Mazishi ya Baba

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kitandani. Natumaini mfupa wa nyonga unaunga vizuri na kwamba umeacha kugombana na wauguzi wanaokuja kukuhudumia nyumbani, maana nakujua. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia tangu barua yako ifike.

Nimeisoma hadi mikunjo imechakaa. Miaka yote hii hukutaka hata kunisikia, na sikulaumu. Lile jarida la filamu lilipoandika kwamba mimi ni yatima niliyelelewa na watu baki, wewe ndiye uliyemsomea Baba, naye yuko karakana anapiga randa. Mwenye kampuni ya filamu alikuwa amenieleza kwamba watazamaji humpenda zaidi msichana asiye na kwao, nami nikakubali upesi, kama niliyeombwa kubadilisha viatu. Nilisikia Baba alicheka, akaomba yeye marehemu aletewe chai yake. Wewe hukucheka. Niliambiwa ulisema siku hiyo alikata mlango wa mteja ukawa mfupi, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Nami nikaendelea kung'ara. Watu walinisimamisha sokoni wakaniita kwa majina ya wanawake niliowaigiza, na yote niliyaitikia. Hata nikiwa peke yangu chumbani nilijikuta nageuza uso kuifuata taa. Unaweza kucheka, lakini ndivyo nilivyozeeka.

Sasa umeniandikia kwamba, kwa kuwa nyonga ilikuzuia kwenda kuzika, uliiona picha yangu ya mazishini kwenye gazeti, ukaikata na kuibandika ukutani kando ya kitanda. Unasema hakuna anayelia vile kama hakumpenda baba yake, kwamba yamekwisha, na nije nyumbani, chumba cha Baba ni changu. Niliposoma hayo moyo ulinitua. Halafu aibu ikanishika, haijaniachia mpaka leo.

Dada, udongo ulipoanza kuangukia jeneza nililia kweli. Nililia vibaya, kamasi zikinitoka, mtandio umenifunika uso, natoa sauti nisiyoijua, hata Baba Mdogo akanishika kiuno nisianguke. Nilipotulia, mpiga picha wa gazeti alinisogelea kwa adabu zote, akaninong'oneza kwamba jua lilikuwa nyuma yangu na hakupata kitu. Akaniuliza kama ningeweza kurudi pale pale.

Nikarudi. Nilisukuma mtandio nyuma, nikamgeuzia upande wangu wa kushoto, nikawaomba wachimba kaburi wasubiri kidogo na makoleo yao. Kaburi la Baba lilikuwa halijajaa hata nusu. Baba Mdogo alijitoa pembeni na hakunitazama tena siku nzima. Mpiga picha aliponipa ishara nikalia upya, taratibu, machozi bila kamasi. Hiyo ndiyo picha uliyobandika ukutani.

Ningeweza kunyamaza. Ningekuja, ningelala chumba cha Baba, ukanipenda hivyo hivyo, na Baba Mdogo ni mtu wa kufunika mambo. Lakini nisingeweza kuamka kila siku nikaikuta picha ile pale, nawe unaitazama kwa huruma. Tena kuna baya zaidi ya hilo. Kila nikijaribu kuyakumbuka mazishi ya Baba, kile kilio cha kwanza hakiji. Nakiona cha pili tu, na namna ninavyojisifu moyoni kwamba nilikifanya vizuri.

Mizigo nimeshaifunga, ila sitaondoka hapa mpaka uniite tena, sasa ukiwa unajua unayemwita. Usiponiita nitaelewa. Wasalimie wanao na wajukuu, na umsikilize daktari, usikanyage chini kabla hajakuruhusu.

Machozi yananitoka ninapoandika haya, na siwezi kukuapia kwamba ni yale ya kwanza.

Ni mimi,
mdogo wako.