Binti Mfalme kwa Wakwe wa Moraa

Kerubo dada yangu, Sotik ni mvua na chai yenye maziwa mengi.

Ulinituma nimrudishe binti yako Moraa kwa sababu ameolewa na Mkipsigis, watu tuliopigana nao mpakani miaka mingi. Nikiwa tayari kugombana, nikamsimulia mama mkwe wake habari za binti mfalme wa Ulaya: aliozwa kwa mfalme adui wa baba yake, mpakani akavuliwa hata soksi za kwao, lakini akajifunza lugha ngeni na barua zake zikazuia vita. Namheshimu kuliko wafalme wote wawili.

“Huyo pipi ya mfalme alikuwa na kazi,” mama mkwe akasema, b ikimtokea p kama wenzake wa huku.

“Ni bibi, mama, si pipi,” Moraa akamcheka.

“Nyamaza. Kikipsigis yako hata ng'ombe wanakataa.”

Wakacheka wakishikana mikono. Binti mfalme hakupata mkwe wa kumtania hivyo. Narudi peke yangu, dada. Nakupenda, na ukitaka vita, anza na mimi.