Pampu ya Pikapu ya Fundi Ouko

Sindo, Jumapili

Dada Boke,

Hujambo huko Kegonga? Goti la Mama linaendeleaje na baridi hii? Na mahindi yamebeba, au ni majani tu mwaka huu? Mimi ni mzima, nakula vizuri, samaki nimewazoea mpaka ungenicheka. Ningepiga simu, lakini ungesikia sauti yangu ukamwambia Mama, na Mama angefunga safari. Kikuria changu cha kuandika unakijua, wewe ndiye ulikuwa ukinisahihisha kwa kalamu nyekundu. Basi vumilia Kiswahili.

Fundi Ouko amefariki. Ni yule mzee aliyenipokea nilipokuja huku sijui hata kufungua boliti, akanifundisha kazi, akaniachia gereji alipoanza kuugua. Amefia hospitalini Homa Bay. Nililia, sikufichi. Lakini si kifo chake kinachoniogopesha.

Nilishakueleza alivyokuwa akichagua pampu ya maji, ile inayozungusha maji ndani ya injini isichemke. Mafundi wengine huhesabu matundu ya boliti, wakatazama kama mapanga ya ndani ni chuma au plastiki, wakaridhika. Yeye aliyafanya hayo yote, kisha akaiweka sikioni, akafumba macho, akaizungusha kwa kidole polepole. "Rangi inadanganya macho," alikuwa akisema. "Uliza sikio." Mbovu hukwaruza kama mchanga kwenye meno. Nzima hunyamaza kabisa. Dukani walimcheka, lakini gari alilolifunga pampu halikurudi.

Sasa, wiki chache kabla hajafa, pampu ya pikapu yake mwenyewe iliharibika, na ndilo gari ambalo mkewe, Mama Atieno, alikuwa akiendea hospitali. Nikanunua mpya. Iling'aa ndani ya boksi, nami nilikuwa na magari mawili yakinisubiri, nikaifunga hivyo hivyo. Jioni mzee akanipigia kutoka kitandani, sauti imekwisha. Aliuliza neno moja tu: "Mwita, umesikiliza?"

"Nimesikiliza, Mzee."

"Sawa," akasema, akakata simu. Hatukuzungumza tena.

Alhamisi walikuwa wanampeleka nyumbani Kisegi akazikwe. Jeneza lilikuwa kwenye pikapu hiyo hiyo, maana aliusia asibebwe na gari lingine. Saa nane mchana, jua kali, pikapu ikafika mbele ya gereji, ikatoa mvuke, ikazima. Haikuzima hatua kumi kabla wala hatua kumi mbele. Ilizima pale pale mzee alipokuwa akiweka kiti chake.

Waombolezaji walishuka bila hata mmoja kushangaa. Wenzetu huku husema gari la maiti likikwama, mwenyewe amekataa kwenda, na lazima abembelezwe. Kaka yake mkubwa akagonga jeneza taratibu kwa kiganja. "Owadwa, ndugu yetu, unataka nini? Nyumbani ni hapo tu." Kisha akatugeukia. "Kama kuna mtu ako na maneno na huyu mzee, aseme sasa. Tukimlazimisha hatufiki."

Nikasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Ni wota pampu hiyo!" Sikuikagua, Dada. Nilijua.

Niliifungua ingali ya moto, ikaniunguza viganja, nikaitupa kando. Rafuni kulikuwa na mbili za injini ile: moja mpya, na moja kuukuu ambayo mzee mwenyewe aliiweka akiba, ameizungushia kitambaa. Safari hii nilifumba macho. Ile mpya ikakwaruza. Ile ya kitambaa ikanyamaza, na kimya chake kikanisisimua mwili, kama vile upande wa pili pia kuna mtu ametega sikio. Nikaifunga, nikajaza maji, dereva akawasha. Mshale wa joto ukapanda tena. Nikagusa bomba la juu la rejeta, linaunguza. La chini lilikuwa baridi. Maji hayazunguki.

"Zima," nikamwambia dereva. Mama Atieno hakuwa akitazama gari. Alikuwa akinitazama mimi.

Nikavua kofia, nikazunguka nyuma, nikaweka mkono juu ya jeneza. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. "Mzee, uliniuliza kama nimesikiliza. Nilikudanganya. Sikusikiliza. Nisamehe."

Hakuna aliyegusa kitu. Ndani ya rejeta kukasikika gulugulu, maji yakashuka ghafla, kana kwamba kuna aliyeyameza. Najua utasema ni hewa ilikuwa imenasa, na mteja yeyote ningemwambia hivyo. Nikaongeza maji, dereva akawasha, mshale ukatulia. Mama Atieno akapanda, akaniambia kwa dirisha, "Asante, nyathina. Mwanangu, alijua siku ile ile."

Tulimzika Ijumaa, na watu walikula wakashiba.

Jana nimefagia gereji nikaiokota ile pampu niliyoitoa. Kabla ya kuitupa nikaiweka sikioni. Ilinyamaza kabisa. Nikatikisa shafti, haichezi. Nikatafuta alama ya maji kuvuja, hakuna. Ni nzima, Boke. Ningeisikiliza dakika moja tu siku ile, ningemjibu mzee ukweli. Sasa wewe uliyesoma niambie, pikapu ilichemka kwa nini? Nimeizungushia kitambaa, iko rafuni. Sijui kama nitaweza kuifunga kwenye gari la mtu.

Msalimie Mama, umkande goti jioni. Msalimie shemeji, mume wako, umwambie namdai hadithi ya yule ng'ombe mkorofi. Msalimie na mjomba wetu, kaka yake Mama, ambaye kila mwaka huniuliza kama nimeshajua kuogelea.

Na lile nililoandika juu, kwamba nakula vizuri, si kweli. Tangu Alhamisi chakula hakipiti kooni. Nilitaka kuandika barua upya, nikaona heri niseme. Sitaki neno langu lolote libaki njiani likimngoja mtu.

Mdogo wako,
Mwita