Malkia wa Mzee Kamau

Jumatatu, 4 Agosti
Chai nyingi leo. Wakulima walipanga laini kwenye kituo cha kununulia chai tangu saa saba, nikapima majani mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha Kibet wa klabu ya chesi akapiga simu. Fainali ni Jumamosi: mimi na Mzee Kamau. Mshindi atatuwakilisha kwenye mashindano ya Kisumu. Nilidhani amekosea namba.

Alhamisi, 7 Agosti
Mzee Kamau ana duka la mabati na misumari Chepilat. Tumecheza mara kumi na moja. Amenishinda zote. Nataka Kisumu. Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Mama mzima na watoto watatu. Najiona mjinga.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeshindwa. Sielewi.

Ukumbi wa kanisa, Mogogosiek. Baridi. Mvua juu ya mabati. Katikati ya mchezo mzee akamsogeza malkia wake, akamweka mahali farasi wangu angemla. Bure. Hakuna kilichomlinda. Nikamtazama mzee. Uso kama ukuta. Nikajua ni mtego, mtu huyu hakosei. Nilitafuta huo mtego robo saa nzima. Sikuuona, nikazidi kuogopa. Nikasogeza askari wa pembeni.

Akamwondoa malkia polepole. Baada ya hapo nilianguka tu.

Nikamuuliza, "Mzee, mtego ulikuwa wapi?"

"Mtego gani, Mama Chela? Niliteleza. Nilikuwa nangoja umchukue nikupe mkono, nikubali kushindwa."

Nimerudi kwa miguu. Sikumbuki njia.

Jumapili, 10 Agosti
Mzee Kamau amepiga simu baada ya kanisa. "Enda wewe Kisumu. Ule mchezo ulikuwa wako."

Ameniheshimu au amenihurumia? Sijui. Nilitaka kulia, nilitaka kumtukana. Nikasema, "Asante, mzee. Lakini hukuniibia. Niliogopa mwenyewe. Enda wewe."

Akasema basi wiki ijayo nije Chepilat tucheze, mke wake atapika chapati. Nimekubali. Sijui kwa nini nilikataa lile na nikakubali hili.

Nimemwambia mume wangu yote. Hakucheka. Ameuliza farasi hutembea vipi. Nimemwonyesha kwa vikombe, hapo mezani, mpaka chai ikapoa.