Upinde Uliosimama Siku Tulipokuzika

Mwangaluka, umeamkaje, Milembe, mayu, mama yangu,

Ni mimi mjomba wako, yule yule, sijapungua kitu. Kutoka hapa Shishiyu mpaka Bariadi mjini bado hajazaliwa wa kunipita kwa maneno, wala kwa pamba. Mizani ya ushirika sasa inaota kutu tu. Wanunuzi binafsi wanaleta malori yao mpaka uani, na wa kwanza kabisa alianzia kwangu. Aliuliza njiani, "Pamba nyeupe kuliko zote iko kwa nani?" Wakamleta. Unacheka? Cheka, mwanangu.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya pamba. Ni Sayi, mwanao.

Siku tulipokuzika kulikuwa na manyunyu na jua linawaka, ukasimama upinde wa mvua, mzima, bila kukatika. Wewe mwalimu wa sayansi ungetuacha makaburini ukautazame. Jirani mmoja akasema, tena kwa sauti, "Joka limetoka kichuguuni, limekuja kumchukua." Ndivyo wazee walivyotuambia na sisi, kwamba upinde ni joka. Sayi alikuwa ameshika suruali yangu. Akasikia.

Toka hapo, mvua ikinyesha anaingia uvunguni. Shule akawa anakwenda siku za ukavu tu. Mwalimu wake akaniita: huyu atarudia darasa la tatu. Mtoto wako, Milembe! Arudie darasa!

Nikatumia dawa ninayoijua. Nikamwambia, "Mimi guku wako, babu yako, nalijua hilo joka. Nililifukuza kwa baiskeli mpaka Maswa, nikalishika mkia, likaniachia rangi kwenye shati." Akanitazama kutoka kule chini ya kitanda. "Guku," akasema, "kama ulilishika, mbona hukulinyang'anya mama?"

Mayu... Mimi niliyewahi kumnyamazisha diwani mkutanoni, nilitoka nje nikakaa.

Ndipo nikakumbuka ile likizo yako, tunapulizia pamba dawa, ukanishika bega: "Mjomba, geuka. Jua likupige mgongoni." Na kweli, rangi zikatokea kwenye manyunyu ya bomba la dawa. Ukasema mwanga ukiingia kwenye tone la maji unapinda, unagonga ukuta wa nyuma, unarudi umeachana rangi rangi. Na hata nikikimbiza baiskeli mpaka Mkula upinde siufikii, maana kila mtu ana wake, kutoka pale aliposimama. Nilikubishia mpaka jioni. Ila nilisikia.

Basi nikalisuuza bomba, nikalisuuza tena, maana dawa ya pamba si mchezo, nikajaza maji safi. Asubuhi, jua likiwa bado chini, nikamtoa Sayi uani, nikamweleza maneno yako. Nikapampu. Hakuna anayepampu kama mimi, lakini sikuona kitu! Nikapampu kwa nguvu zaidi. Upande wa pili mtoto akapiga ukelele.

"Guku, umesimama vibaya! Jua liko usoni kwako. Njoo huku!"

Akanivuta shati mpaka alipo. Upinde ukawa pale, mdogo, karibu na vidole vyetu vya miguu. Akaingiza mkono, akautoa, akautazama. Maji tu.

"Basi huu wangu," akasema. "Wewe angalia wako."

Sauti ile ile yako, mayu. Nilijifanya bomba limeziba.

Juzi mvua ilinyesha alfajiri, kisha jua likatoka, upinde ukasimama magharibi, njia ya shule. Majirani wakaita watoto wao ndani. Sayi akafunga madaftari kwenye nailoni, akasimama mlangoni. Akasimama sana. Mimi nikawa nagonga mpini wa jembe ambao haukuwa na tatizo lolote. Halafu akavua viatu, akavishika mkononi, akaingia kwenye tope.

Alikuwa anaona wake, unarudi nyuma kila anaposogea. Mimi niliona wangu, na yeye katikati yake, anazidi kuwa mdogo, hageuki.

Pumzika, mayu. Sayi atasoma, hata ikibidi niuze ng'ombe wa mwisho zizini. Habari za jua na mvua nitampa kama ulivyonipa wewe, bila kuongeza hata tone. Habari zangu mwenyewe niachie, hizo nitaongeza ninavyotaka.

Mjomba wako,
Shishiyu