Namba ya Viatu vya Neema

Mama Neema,

Tangu tukuzike kule nyumbani Kakamega, nimerudi kazini na sina wa kunipokea. Bado napanda lile lori la matangazo, leo Witeithie, kesho Thika mjini, nikiuza sabuni kwa kipaza sauti. Kampuni iliniletea msichana mwenye sauti nzuri, lakini amekariri. Nikimtania anaangalia karatasi yake. Wewe ningesema sabuni hii ndiyo iliyonipatia mke, ungedakia, "Na ikiisha anarudi kwao!" na soko zima lingecheka.

Ndivyo tulivyofundishwa katika kile kikundi cha maigizo cha Thika tulikokutana. Tulicheza bila maandishi, na sheria ilikuwa moja: mwenzako akikupa kitu, kipokee, kisha ongeza chako. Siku ya kwanza ulininyooshea kikombe ambacho hakikuwepo, nikauliza mbona chai haina sukari. Ukasema wa kwenda dukani kuleta sukari ni mimi. Nikajua nimekwisha.

Sasa nyumba yetu ya Mwihoko imenyamaza. Neema anakula, anaoga, anafanya kazi ya shule. Nikimwuliza lolote anasema, "Sawa." Nami kile kimya kinanitisha, kwa hiyo nauliza na kujijibu mwenyewe: shule ilikuwaje, ilikuwa poa, eeh? Mama yako alipiga simu, akataka shule zikifungwa nimpeleke akae naye moja kwa moja. "Mtoto wa kike, Baba Neema, utamlea na spika?" Nikamwambia nitampigia. Naogopa, mpenzi. Akienda na yeye, nitabaki naongea na sufuria.

Jumamosi tulienda Githurai 45 kununua mboga. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ulimrekodia Mama Shiro tangazo la viatu vyake vya mtumba. Tulipokaribia kibanda chake, sauti yako ikatoka kwenye spika: "Mtoto wako anavaa namba ngapi?" Halafu ukanyamaza kidogo, vile ulivyozoea. Uliniambia mara nyingi, mteja ukishamwuliza, funga mdomo, muda huo ni wake. Kisha, "Leta mguu tupime!"

Mama Shiro alipotuona akashika kichwa. "Ngai! Pole sana, Baba Neema," akakimbilia kuizima. Neema akamshika mkono asiizime.

Tangazo likazunguka, ukauliza tena.

"Thelathini na moja," Neema akasema, akiitazama spika.

Likazunguka.

"Lakini hivi vinanifinya, mama."

Likazunguka tena.

"Baba hajaniuliza."

Nililia pale pale, mtu mzima, watu wakipita na mifuko yao ya viazi. Maneno yalinijaa mdomoni, nikayameza. Nilimnunulia viatu vyeusi vya kamba, na nikamwomba Mama Shiro asilifute lile tangazo, ila siku tukipita atupungie mkono kwanza, nijiandae.

Jana jioni nikamweleza Neema alichosema nyanya yake, nikamwuliza yeye anataka kukaa wapi. Kisha nikafunga mdomo. Hujawahi kuniona nimenyamaza hivyo, ungedhani naumwa. Chai ikaota utando. Neema akapanga vijiko mezani, akavipangua, akavipanga tena. Nilikuwa karibu kupasuka.

"Nakaa hapa," akasema. "Lakini usikuwe unaniongelesha kama uko kwa lori."

Leo nitampigia mama yako nimwambie Neema ameamua, na kwamba tutamtembelea kila shule zikifungwa. Pumzika sasa, mpenzi wangu. Nakuahidi nitakuwa nikimwuliza mtoto wetu na kumngoja, hata kimya chake kikiniuma. Chake nitakizoea. Chako sitaweza.

Wako,
Baba Neema